Goma–Kinshasa: kilometa ni zile zile, safari ndiyo imerefuka

Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati AFC/M23 iliingia Goma, ndege za abiria za kwenda Kinshasa hazitoki tena kwenye uwanja wa muji. Katikati ya mwezi wa pili, Kavumu upande wa Bukavu ikafuata. Mwenye kuwa na mugonjwa, masomo ao matanga Kinshasa anajiuliza: ni mbali kiasi gani, na nitafika lini?

Tuanze na umbali. Kwenye karte, Goma iko karibu digri 29 za mashariki, na Kinshasa karibu digri 15. Tofauti ni digri 14. Kwa kuwa miji yote mbili iko karibu na ikweta, kila digri ni kilometa karibu 111. Zidisha 14 kwa 111, unapata 1.554. Wenye kupima na vyombo wanapata karibu 1.560. Huo ni mustari wa moja kwa moja angani.

Upande wa saa, hapo ndipo wengi walikuwa wanadanganyika, juu tiketi inaandika saa ya kila muji. Goma inafuata saa ya Lubumbashi, na Kinshasa iko nyuma kwa saa moja. Tuseme ndege inatoka Goma 10h00 na kufika Kinshasa 11h20. Mutu atasema ni saa moja na dakika 20. Hapana, ni masaa mawili na dakika 20. Wakati wa kurudi, tiketi itaonyesha 10h00 mupaka 13h20, lakini ndege imekaa angani muda ule ule.

Sasa tupime njia ya leo. Wengi wanapitia Kigali. Lakini tangu mwezi wa pili 2025, Kinshasa ilifungia ndege za Rwanda anga yake, kwa hiyo lazima kupitia inchi ya tatu. Goma–Kigali kwa barabara ni karibu kilometa 160. Kigali–Nairobi ni karibu 760, na Nairobi–Kinshasa karibu 2.410. Jumla ni 3.330, ni kusema zaidi ya mara mbili. Ukipitia Addis-Abeba, unafika karibu 4.700, mara tatu. Kinshasa iko magaribi, lakini unaanza kwa kuipa mugongo.

Na kilometa haziseme yote. Ongeza mupaka, kulala Kigali, na masaa ya kungojea ndege ya pili. Nairobi na Addis ziko mbele ya Goma kwa saa moja, basi kwenye tiketi moja unakuta saa za namna tatu. Mbele ya kulipa, hesabu toka unapofunga mulango wa nyumba mupaka unapofika kwa ndugu.

Kuna tena jambo la karatasi. Zamani, karte ya uchaguzi ilitosha kwa kupanda ndege ya ndani ya inchi. Leo, kwa kutoka muji mumoja wa Congo kwenda mwingine wa Congo, unaombwa pasiporti. Asiye nayo, kwake Kinshasa haiko tena masaa mawili wala siku mbili. Ndiyo maana, wakati wakubwa wanazungumza juu ya kufungua uwanja wa Goma, muzazi mwenye mutoto anasoma Kinshasa anasikiliza kuliko wote.