Chini Ni Gari Ileile



Dukani kwetu tunauza spea za Toyota. Wiki iliyopita aliingia mzee mmoja mwenye Lexus RX 330, anataka linki za stabilaiza. Nikamtolea boksi. Akasoma maandishi ya pembeni, akalisukuma kwangu: "Kijana, hizi za Harrier. Mimi natembelea Lexus." Nikamwambia sawa mzee, tumwite fundi. Fundi akafungua za zamani, akazilaza mezani pembeni ya zile mpya. Mapacha. Mzee akalipa, ila aliondoka amenuna kana kwamba nimemshusha cheo.

Sikumshusha mimi. Toyota walizindua Harrier kule Japani mwishoni mwa 1997, na mwaka uliofuata gari hilohilo likauzwa Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Toleo la 2003, hili ambalo mtaani tunaliita tako la nyani, nalo ni hivyohivyo: Japani Harrier, Marekani RX 330. Na ukichungulia uvunguni unakuta ni ndugu wa Camry na Kluger. Mafundi wetu wana namna yao ya kulisema hili. Wanakwambia, "Juu Lexus, chini Harrier," basi, wanaendelea na kazi.

Hiyo "chini" ndiyo watengenezaji wanaita platfomu: sakafu ya gari, mahali injini inapokaa, mfumo wa shokapu na usukani, njia za nyaya. Kuisanifu na kuijaribu ni gharama kubwa mno, kwa hiyo wanaifanya mara moja halafu wanaipandishia maumbo tofauti na nembo tofauti. Kundi la Volkswagen ndio usiseme. Touareg, Audi Q7, Porsche Cayenne, Bentley Bentayga na Lamborghini Urus, zote zimejengwa juu ya platfomu moja inayoitwa MLB Evo. Mwenye Bentley na mwenye Touareg wanaweza kupishana barabarani wasisalimiane, na chini ni ukoo mmoja.

Nisieleweke vibaya. Sisemi gari hizi zinalingana kila kitu. Injini zinatofautiana, breki zinatofautiana, utulivu wa ndani unatofautiana, na mwenye hela yake akitaka ngozi na ukimya, anunue, ni jasho lake. Mimi nina ugomvi na anayenunua kwa hela yangu.

Maana kila tukihoji mashangingi ya serikali, jibu ni lilelile: nchi ni kubwa, barabara mbovu, kiongozi lazima afike vijijini. Hoja ya barabara naikubali. Kwetu mvua ikinyesha hata bodaboda wanalala. Lakini hebu tuiangalie hiyo shangingi yenyewe. Land Cruiser 300 ilizinduliwa 2021 juu ya fremu ambayo Toyota wanaiita GA-F. Ukoo huohuo wa fremu umebeba Lexus LX 600, na umebeba Land Cruiser 250, yaani Prado mpya. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni milimita 2,850 kwa zote tatu. Tofauti kubwa unaikuta kwenye injini: 300 ya dizeli ina V6 ya lita 3.3, Prado ina ya lita 2.8 kama Hilux. (Ndiyo, V6. Land Cruiser 300 haina V8 kabisa, Toyota waliiondoa. Sisi bado tunaiita V8 na vigogo bado wanaitwa watu wa V8. Jina limebaki kwenye cheo, injini imeshaondoka.)

Sasa kinachovuka tope ni nini? Ni fremu, ekseli, difu, na gari kuvuta tairi zote nne. Prado anavyo. Hilux ya bwana shamba anavyo. Mkonga, ile Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyoanza kutengenezwa 1984, inabeba wagonjwa na chanjo mpaka leo na hakuna mkurugenzi aliyewahi kusema haifiki. Mgonjwa anafika kwa mkonga, mkaguzi wa mradi hawezi? Ukitoa hiyo "chini", kinachobaki kwenye bei ni "juu": ngozi, skrini za nyuma, na ile namna watu wanavyosimama pembeni gari ikipita. Na hiyo juu hailipiwi mara moja ikaisha. Tairi, mafuta, matengenezo, vyote vinafuata ukubwa wa gari mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo dai letu liwe la kifundi, sio la kelele. Tusiseme tu "mashangingi yapigwe mnada", wamelizoea hilo. Tuseme: kila ombi la kununua gari la umma lieleze kazi ya gari, na lieleze kwa nini gari la bei ya chini lenye uwezo huohuo wa barabara halikufaa. Kwa maandishi. Tuone watakachoandika.

Ila jamani, tuseme na yetu. Kwenye kikao chetu kilichopita cha mkoa tulijadili ziara ya viongozi, na nusu saa nzima iliishia kwenye kukodi "V8", ati mwenyekiti hawezi kushuka mbele ya wananchi kutoka kwenye Prado, tutaonekana chama kidogo. Nilikaa kimya, na najilaumu. Mawakala wetu uchaguzi uliopita walilinda kura usiku kucha bila chakula, wengine walirudi kwa miguu kwa sababu nauli haikufika. Tofauti ya kodi ya hizo gari mbili kwa ziara nzima ingewapeleka na kuwarudisha mawakala wa kata mbili tatu.

Tunakaa tena Jumamosi. Nimeshaandika hoja, ukurasa mmoja: magari ya ziara yasizidi Prado, kinachobaki kiingie mfuko wa mawakala, na mweka hazina asome salio lake kila kikao. Inahitaji wa kuiunga mkono. Walionitumia meseji za "umeongea ukweli kamanda" baada ya kikao, naomba safari hii muinyooshee mkono mle ndani.