Sebule si Ukumbi wa Sinema

Siku hizi mtu akimaliza kujenga nyumba hapa Ngaramtoni, hata kabla hajapiga rangi ukuta wa nyuma, swali la kwanza analoulizwa na vijana wake ni kama amekwisha kununua sabufa. Kwa neno hilo wana maana ya seti nzima: boksi kubwa la kuweka chini, pamoja na spika ndogo mbili, nne au tano za kutundikwa kila pembe ya sebule ili sauti imzunguke msikilizaji. Napenda kusema waziwazi kwamba sehemu kubwa ya fedha inayotumika hivyo hupotea bure, na kwamba pamoja na fedha hiyo tunapoteza kitu kingine ambacho hakiuzwi dukani.

Nianze na jina lenyewe, maana mwalimu hapiti jina bila kulikagua. Sabufa hasa ni boksi moja tu katika seti hiyo, lile la besi. Kazi yake ni kutoa sauti nzito za chini kabisa, za ngoma na ngurumo, ambazo kwa kawaida hazizidi mitetemo kama 120 kwa sekunde. Sauti za s, f, sh na th, ambazo ndizo zinazotenganisha neno na neno, ziko juu sana ya hapo, kwenye maelfu ya mitetemo kwa sekunde. Zima spika nyingine zote uliache boksi hilo peke yake, na msomaji wa habari atasikika kama mtu anayeguna ndani ya pipa. Kwa hiyo tumeichukua seti nzima tukaiita kwa jina la kiungo chake kisichoweza kutamka. Na ndivyo tunavyoinunua. Mteja anaingia dukani, muuzaji anafungulia muziki, vioo vya kabati vinatetemeka, mteja anatoa fedha. Hakuna aliyesikiliza maneno.

Halafu iko hesabu ya wati. Kwenye karatasi ya boksi utaona pameandikwa wati 5,000 au 10,000, na pembeni herufi nne: PMPO. Herufi hizo hazina kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote. Kila mmoja hukadiria kilele cha kufumba na kufumbua kama apendavyo. Igeuze mashine usome kibao kidogo cha nyuma kinachotaja umeme inaotumia. Ukikuta wati 60, elewa kwamba mashine inayokula wati 60 haiwezi kuimba kwa wati 10,000, kama vile ng'ombe anayekunywa debe moja hawezi kukamuliwa madebe mia. Mtoto wa darasa la saba angeiona kasoro hiyo, lakini baba yake mwenye shahada anailipia.

Lakini tuseme umenunua seti ya kweli, iliyotengenezwa kwa uaminifu. Bado kuna jambo. Sauti ya kuzunguka haikuzaliwa sebuleni. Ilizaliwa kwenye kumbi za sinema. Mwaka 1940 kampuni ya Walt Disney ilionyesha filamu ya Fantasia katika kumbi chache za Marekani zilizofungwa mitambo maalumu ya kusambaza sauti ukumbini. Mwaka 1992 filamu ya Batman Returns ikaja na mfumo wa Dolby Digital wenye njia sita: tatu za mbele, mbili za pembeni kuelekea nyuma, na moja ya besi. Huo ndio unaoandikwa 5.1 kwenye maboksi ya leo. Sasa, katika ukumbi wa sinema, kama ule wa Metropole uliokuwapo mjini Arusha, watu wote walielekea upande mmoja, taa zilizimwa, na aliyemsemesha jirani yake alikemewa. Hiyo ndiyo adabu ya sinema. Adabu ya sebule ni kinyume chake kabisa.

Tazama sebule zetu. Makochi yamefuata kuta tatu, meza iko katikati, vitambaa vya kufuma vimetandazwa migongoni. Mpangilio huu si ushamba, kama wanavyodhani wanaoiga picha za nyumba za Ulaya. Ni mpangilio wa watu wanaotazamana. Kila aliyeketi anauona mlango. Kila anayeingia anaonekana. Mtoto anasimama na kutoa shikamoo kabla mgeni hajavua koti. Huku mlimani, mwezi Juni na Julai, baridi ya Meru inapotufungisha madirisha mapema jioni, familia nzima hukaa katika chumba hicho kimoja, na humo ndimo ada ya shule inamojadiliwa, mgonjwa anamotajwa, na ugomvi wa shamba unamoamuliwa.

Sasa zichukue kanuni za spika tano uziingize humo. Pendekezo la shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linataka spika mbili za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande wa mstari wa katikati, na zile za pembeni na nyuma ziwe kati ya nyuzi 100 na 120, zote zikiwa umbali sawa kutoka kwa msikilizaji. Umbali sawa kutoka kwa nani? Kutoka kwa mtu mmoja aliyeketi katikati ya duara. Waliobaki wote wamekaa pasipo pao.

Aghalabu hata hizo spika za nyuma hazina lao la kusema. Angalia waya zinazotoka kwenye king'amuzi kuingia kwenye mashine. Ukiona vichomeo viwili tu, chekundu na cheupe, basi zimeingia njia mbili za sauti, ya kushoto na ya kulia. Isipokuwa mashine yako imetengenezwa kuzichambua njia hizo, spika za nyuma zinarudia yaleyale ya mbele. Umenunua wasemaji watano, na kati yao wamo kasuku. Tuseme bibi ameketi kwenye kochi la ukutani, mita 1 kutoka spika ya nyuma na mita 3.5 kutoka ile ya mbele. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, hivyo ile ya nyuma humfikia mapema kwa sehemu saba hivi za elfu ya sekunde, tena ikiwa na nguvu zaidi. Sikio la binadamu huifuata sauti iliyotangulia. Bibi anamtazama mtangazaji mbele yake, lakini sauti inamjia kisogoni.

Miaka michache iliyopita nilikuwa miongoni mwa wazee waliopeleka posa katika nyumba moja mpya, nzuri, si mbali na barabara ya Namanga. Mwenye nyumba alikuwa amekifuata kijitabu cha seti yake neno kwa neno. Makochi yalikuwa yametolewa ukutani na kupangwa safu mbili katikati ya chumba, yameupa mlango mgongo, kama viti vya basi. Tulibisha hodi mara tatu. Ndani filamu ya vita ilikuwa ikirindima. Tulipokaribishwa, wenyeji walituketisha safu ya mbele kwa heshima, wao wakakaa nyuma yetu. Hebu fikiri, msomaji, kuomba binti wa watu huku umempa baba yake kisogo! Mzee mmoja wa upande wetu alisimama, akasema hawezi kuzungumza kwa kutumia shingo. Ikabidi vijana wasogeze makochi, waya zilizopitishwa chini ya zulia zikanaswa, spika moja ikaanguka. Mazungumzo yalichelewa kwa saa nzima, na yalianza kwa uso wa kukunja.

Sisi wa rika hili si kwamba hatuijui nguvu ya sauti. Mwaka 1973, nilipokuwa mwalimu kijana, serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. Kwa muda wa wiki 12 watu wapatao milioni 2 nchini walikutana katika vikundi vya kusikiliza. Redio moja iliwekwa mbele ya kikundi, ya spika moja tu. Kipindi kilipokwisha, kijitabu kilisomwa na watu wakajadiliana juu ya maji, choo na malaria, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Wakati ule watu waliizunguka sauti. Leo sauti inawazunguka watu, na hakuna ajuaye saa ya kuizima.

Wapo watakaosema kwamba mzee huyu ameachwa na wakati. La hasha. Najua kwamba mpira ukionyeshwa kwa sauti iliyopangwa vema, kelele za uwanja zikakuzunguka, ni raha kubwa. Mwenye chumba cha ziada na afunge spika tano, hata saba, azipime nyuzi zake na afunge mlango. Hiyo ni starehe yake halali. Wengine watasema fedha ni yake na nyumba ni yake. Ni kweli, lakini besi haijui mpaka wa kiwanja. Sauti nzito hupenya tofali na kioo kuliko nyembamba; ndiyo maana jirani hasikii maneno ya wimbo wako, anasikia dundo lake tu, naye mtoto wake ana mtihani kesho.

Basi mwenye sebule moja afanye nini? Anunue spika mbili nzuri, au tatu ikiwa seti ina ile ya katikati, kwani hiyo ndiyo inayobeba maneno ya filamu. Azisimamishe kandokando ya televisheni, usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, kama mita 1 kutoka sakafuni, si juu ya kabati wala darini. Nafasi kati ya zile mbili ilingane na umbali wa kufika kwenye kochi linalozikabili. Asizibane kwenye pembe, kwa kuwa pembe hukuza besi na kuyafunika maneno. Boksi la besi, kama limo, nalo litolewe pembeni, na kitufe chake kipunguzwe mpaka mgeni asiweze kuonyesha kwa kidole liko wapi. Tena kabla ya kuongeza spika, aongeze zulia na pazia zito. Nyumba zetu mpya, marumaru chini, jipsamu juu na vioo pande zote, hurudisha sauti kama kisima. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unabaki nyuma, ujue ni chumba kinachohitaji matengenezo, si mashine.

Mwisho uko mtihani, na mtihani wangu ni imla. Kwa miaka mingi chuoni niliwaambia walimu wanafunzi kwamba imla haisomwi kwa ajili ya dawati la kwanza. Husomwa kwa ajili ya yule wa dawati la mwisho. Mketishe mzee wa nyumba kwenye kiti kilicho mbali kuliko vyote, fungulia taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwa sauti ya kawaida, kisha umwombe arudie sentensi moja. Akisikia samani mahali paliposemwa thamani, spika zako zimeshindwa, hata zikiwa kumi. Halafu, huku habari zikiendelea, mtume mtoto nje abishe hodi kama wabishavyo wageni, bila kupiga kelele. Kama hakuna aliyeitika, punguza.