Kliniki ya wiki ya sita isimsahau mama

KILA mama anayejifungua Mwatate, kama kwingineko nchini, huagizwa kumpeleka mtoto kliniki akitimiza wiki sita ili apimwe uzani na kudungwa chanjo. Hiyo ndiyo fursa bora ya kumtambua mzazi aliyelemewa na mfadhaiko, nayo hupotea pale asipotokea wa kumuuliza hali yake.

Dalili za mapema si fumbo. Mama kulia na kujawa na wasiwasi siku za kwanza ni jambo la kawaida, na aghalabu hutulia kabla ya wiki mbili kwisha. Ikizidi hapo, si uchovu tena. Hukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, chakula humshinda, hujiona mzazi asiyefaa, au huhisi mwanawe ni kama mgeni. Akiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, au akisikia sauti zisizokuwapo, hiyo ni dharura. Akimbizwe hospitalini siku iyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lakadiria kwamba katika mataifa yanayostawi, karibu mama mmoja kati ya watano hupatwa na maradhi ya akili baada ya kujifungua, hasa mfadhaiko. Tangu 1987 kumekuwa na maswali 10, yaliyoandaliwa na Dkt John Cox na wenzake, ya kuwatambua akina mama hao. Cox alikuwa ametafiti hali hiyo miongoni mwa wanawake wa Uganda. Maswali hayo hayahitaji mashine wala maabara.

Kinaya ni kwamba sheria yetu yaujua ugonjwa huu. Kifungu cha 210 cha Kanuni za Adhabu husema mama aliyemuua mwanawe wa chini ya miezi 12, akili yake ikiwa imevurugwa na uzazi, ahukumiwe kama aliyeua bila kukusudia. Yaani mahakama humuuliza alivyohisi mtoto akiwa tayari kaburini.

Wahenga walinena kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Je, uchungu wa mzazi aujue nani? Wahudumu wa afya ya jamii, waliokabidhiwa vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari mwaka 2023, hufika nyumbani Bura, Chawia na Ronge. Wapewe maswali hayo pia, kwa Kiswahili na Kidawida, wamuulize mama mtoto akingali mgongoni.