Mama Mdogo Aliyekosa Kazi Si Yaya wa Bure

Katika safu hii tumezoea kuandika juu ya bei za mazao, hali ya barabara na uhaba wa maji. Leo twapenda kuingia ndani ya nyumba zetu, kwani liko jambo ambalo huanza kwa upendo na mara nyingi huishia kwa kununiana. Jambo hilo ni la ndugu aliyepoteza kazi kukabidhiwa watoto wa jamaa zake awalee.

Mambo huenda hivi. Kiwanda kinapunguza wafanyakazi. Mama mmoja wa makamo, aliyefanya kazi hapo kwa miaka kadhaa, anarudi nyumbani na barua mkononi. Kabla hajamaliza juma moja, binti wa dada yake, ambaye likizo yake ya uzazi inakwisha, anakuja na kumwambia, "Shikamoo mama mdogo. Kwa kuwa sasa uko nyumbani, mtoto atakuwa anashinda kwako." Mama mdogo anaitika marahaba, anampakata mjukuu wake, na mazungumzo yanaishia hapo. Hapana aliyetaja saa, hapana aliyetaja siku, wala hapana aliyetaja senti moja. Akitokea mtu wa kuuliza, hujibiwa kwamba mama mdogo hana shida, maana "analipwa na mfuko".

Hatuna budi kwanza kueleza malipo hayo ni yapi, kwa kuwa wengi huyasema bila kuyajua. Mwaka 2018 sheria za hifadhi ya jamii hapa Tanzania ziliweka fao la upotevu wa ajira, mahali pa lile fao la kujitoa lililokuwa limezusha mabishano makubwa. Mwanachama aliyechangia kwa muda usiopungua miezi 18, na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Basi aliyekuwa akipata shilingi 300,000 kwa mwezi hupata kiasi cha shilingi 100,000. Ukijumlisha miezi yote sita, utaona kwamba ni sawa na mishahara miwili tu. Kodi ya chumba haikupungua kwa theluthi mbili siku alipopewa barua, wala muuza unga hakumpunguzia bei.

Fao hilo si sadaka. Limetokana na michango iliyokatwa katika mshahara wake na ile iliyotolewa na mwajiri kwa ajili yake. Shabaha yake ni kumshikilia mfanyakazi asianguke wakati akitafuta kazi nyingine au akijiandalia shughuli ya kumpatia riziki. Halikuwekwa liwe ujira wa kulea mtoto wa mtu mwingine. Kila asubuhi ambayo mama mdogo anafungwa na uji, nepi na kilio cha mtoto, ni asubuhi ambayo hakwenda kusimama kwenye lango la kiwanda kingine, hakumwona aliyemwahidi nafasi, wala hakuanza hata biashara ya maandazi. Mwezi wa saba ukifika, fao limekwisha na kazi hajapata. Binti wa dada yake, kwa upande wake, hakukosa mshahara hata mwezi mmoja. Kusema kweli, miezi sita ya yule asiye na kazi imegeuzwa kuwa ruzuku kwa yule mwenye kazi.

Twajua tutakavyojibiwa. Wako watakaosema kwamba malezi kwetu si biashara, na kwamba bibi zetu walilea wajukuu bila kudai malipo. Wengine watatukumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hoja hizo hatuzidharau. Lakini bibi aliyelea wajukuu kijijini alikula katika shamba lile lile walilolilima wazazi wa watoto, na mavuno yalipoingia ghalani yalikuwa ya nyumba nzima. Alikuwa na fungu lake bila kuliomba. Siku hizi mavuno ni mshahara, nao huingia katika mfuko wa mtu mmoja. Na huyo mgeni aliyepewa jembe alilima ale pamoja na wenyeji, hakupewa jembe akalime huku chakula akijitafutia mwenyewe. Anayetaka kuutumia undugu wa zamani, na autumie wote, pamoja na kugawana kwake.

Wala hatutaki kumbebesha lawama binti peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyejifungua likizo ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Baada ya hapo anaruhusiwa muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha. Sasa mama anayekaa pembezoni mwa mji, na kazi yake iko mbali, atamnyonyeshaje mtoto aliyeachwa nyumbani kwa saa mbili hizo? Mtoto wa miezi mitatu hawezi kuachwa na jirani yeyote tu. Ndipo mama huyo hukimbilia damu yake, na hilo ni jambo la akili.

Kwa hiyo hatusemi mama mdogo asilee. Twasema waketi mkekani wakubaliane kabla mtoto hajaletwa. Wataje saa za kumleta na saa za kumchukua. Waweke walau siku mbili za juma ambazo mlezi yu huru kutafuta kazi, na wajue siku hizo nani atamshika mtoto. Maziwa, sabuni na dawa za mtoto zitoke kwa wazazi wake, zisikatwe katika shilingi za fao. Chakula cha mchana cha mlezi na nauli yake vitajwe kwa jina. Na waweke siku ya mwisho, au siku ya kuketi tena, mapema kabla ya mwezi wa sita kwisha. Yote hayo yaandikwe katika daftari la kawaida, mbele ya mzee mmoja wa ukoo. Kuandikiana si kutoaminiana. Ni kuulinda undugu usije ukavunjika kwa sababu ya mabishano juu ya nani alisema nini.

Upande wa pili nao tuuseme waziwazi. Ikiwa wazazi wanataka mama mdogo alee kila siku, tangu asubuhi hadi jioni, kwa ujira wa kila mwezi, basi hiyo ni kazi, na wamlipe kama mfanyakazi. Amri ya Mshahara ya mwaka 2022 iliwataja watumishi wa majumbani na kuwawekea kima chao cha chini, wanaolala kwa mwajiri na wasiolala. Hapo mpokeaji wa fao asifiche. Aende katika ofisi ya mfuko wake, aeleze alichokipata, aulize lipi linamhusu. Fao la asiye na ajira likichukuliwa kwa siri na mwenye ajira, wanaoibiwa ni wanachama wenzake, na siku siri itakapofichuka aibu itakuwa yake, si ya waliomshauri kunyamaza.

Mwisho twageuka kwa viongozi wetu na waajiri. Ndugu asiye na kazi amekuwa kituo cha kulelea watoto kwa sababu vituo vyenyewe ni haba, au viko mbali, au ada yake haimudiki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inavitambua vituo vya kulelea watoto mchana. Halmashauri zitenge nafasi karibu na masoko na maeneo ya viwanda, na waajiri kadhaa waweza kuungana kugharimia kituo kimoja. Ndipo zile saa mbili za kunyonyesha zitakapokuwa na maana. Tena kituo huhitaji walezi, na miongoni mwa waliopunguzwa kazini wamo akina mama wanaoijua kazi hiyo kuliko wengi wetu.

Mpaka hayo yatimie, tunaomba kila nyumba yenye mlezi wa namna hiyo ijiulize leo hii: miezi yake sita imebaki mingapi, naye ikiisha atakula nini?