Diwani ya Madhalim: Mlango Usiopasa Kufungwa

 

Imezoeleka miongoni mwetu kusikia kwamba raia kumshitaki mtawala ni fitna, na kwamba mahakama zenye uwezo wa kuihoji serikali ni mambo ya Wazungu. Kauli ya kwanza ni kosa katika dini. Ya pili ni kosa katika historia.

Kabla ya utume, mfanyabiashara kutoka Zabid, Yemen, alidhulumiwa thamani ya bidhaa zake mjini Makka na Al-As bin Wail, mmoja wa vigogo wa Kiquraish. Baadhi ya koo za Makka zikakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, zikaapa kusimama na kila aliyedhulumiwa. Hiyo ndiyo Hilful Fudhul. Mtume (s.a.w.) alihudhuria, na baada ya kupewa utume alieleza kuwa lau angeitwa kwa kiapo kile katika Uislamu, angeitika.

Dola ilipopanuka, dhulma nayo ikapata vyeo. Abdulmalik bin Marwan (65–86 H) alikuwa wa kwanza kutenga siku maalumu ya kusikiliza madhalim. Umar bin Abdulaziz akaanzia kwa ukoo wake mwenyewe, Bani Umayya, akawarejeshea watu haki zao. Kisha Imamu Al-Mawardi (aliyefariki 450 H/1058) akaliandikia jambo hili mlango mzima katika Al-Ahkam as-Sultaniyya. Kwa mujibu wake, kikao hakitimii bila ya makundi matano: walinzi, makadhi, mafaqihi, makarani na mashahidi. Katika aina kumi za mashauri anazozitaja, tatu za mwanzo zinawahusu magavana wanaowaonea raia, watoza kodi wanaozidisha, na makarani wa diwani wanaovuruga hesabu. Katika hizo tatu, msimamizi wa madhalim hangojei mlalamikaji; huchunguza mwenyewe.

Hata hivyo, insafu yatutaka tuseme na udhaifu wake. Mlango ule ulifunguliwa na mtawala, au mtu aliyemteua yeye. Mtawala mwadilifu alipoondoka, mlango ulifungwa. Hapa ndipo katiba inapohitajika: haki ya mnyonge isitegemee hisani ya mwenye nguvu.

Tanzania inatupa funzo lililo karibu. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali ya 1967 ilimtaka raia apate kwanza kibali cha Serikali ndipo aishitaki. Yaani mdhulumiwa amwombe ruhusa anayemlalamikia! Hati ya Haki za Binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, na mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ikaamua kuwa sharti hilo linakwenda kinyume na Katiba. Mwaka uliofuata Bunge likaweka badala yake notisi ya siku 90. Kadhalika, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2001, imepewa uwezo wa kuanzisha uchunguzi bila ya kungoja malalamiko. Msomaji wa Al-Mawardi hawezi kuona ajabu katika hilo.

Wanaoshikilia aya ya 59 ya Suratun Nisaa ili kuwanyamazisha watu waisome hadi mwisho. Aya hiyo hiyo inayoamrisha kuwatii wenye mamlaka inataja kuzozana, na inaelekeza mzozo urejeshwe kwa Allah na Mtume. Lau mtawala asingehojiwa, mzozo ungetajwa wa nini? Na aya iliyotangulia inaamrisha amana na hukumu ya uadilifu.

Basi madrasa zetu zisiishie kwenye twahara na mirathi. Zifundishe pia mlango wa madhalim. Na kamati ya msikiti iliyonyang'anywa kiwanja isiridhike na kunung'unika baada ya swala. Ihifadhi nyaraka zake, iandike notisi, ifike mahakamani. Kudai haki kwa njia ya sheria si uasi. Ni kumsaidia ndugu aliyedhulumiwa, na pia yule dhalimu, kwa kumzuia asiendelee na dhulma yake.