Adhana Iliyosikika Leicester

Kwa walimu na wazazi wa Kibera na Kawangware,

Barua hii inatoka Leicester, Uingereza, na aliyeiandika ni mtoto wenu. Alizaliwa Makina, Kibera, akamalizia utoto Kawangware, kisha akapanda ndege. Sasa ni msaidizi wa darasa katika shule ya msingi ambako watoto wa miaka minane humsahihisha Kiingereza chake bila haya. Anawasalimu. Baada ya salamu, ana ugomvi nanyi.

Kisa ni cha Novemba. Shule yake imefunga urafiki na shule moja ndogo ya Kawangware. Watoto huandikiana, hutumiana picha, na mara moja kwa muhula huonana kwa simu ya video. Si jambo jipya. British Council iliunganisha shule za Uingereza na za Afrika kwa miaka mingi kupitia mpango wa Connecting Classrooms. Mada ya simu ile ya Novemba ilikuwa dini na mila. Leicester ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, Nairobi saa sita na nusu mchana. Watoto wa Kawangware waliimba pambio, wakapigiwa makofi. Mara, nyuma ya mabati yao, adhana ikapanda.

Mvulana mmoja wa Leicester, mjukuu wa Wagujarati, aliruka kitini. Akauliza kama msikiti wao uko karibu kiasi hicho, na ndani ukoje. Kawangware kukawa kimya. Kisha msichana wa dawati la mbele akajibu kwa adabu zote: "Sisi hatujui. Hiyo ni ya watu wa IRE."

Watu wa IRE! Kama vile ni kabila la mbali, na huku mwadhini wao angeweza kuazima chumvi kwao na kurudi kabla chai haijachemka. Mwandishi hakumlaumu mtoto. Anawalaumu ninyi, na kwa sauti ya chini zaidi anajilaumu mwenyewe.

Maana mnajua inavyokuwa. Kipindi cha dini kikifika, darasa hupasuliwa: CRE, ya Kikristo, huku, IRE, ya Kiislamu, kule, HRE pale walipo Wahindu. Palipo na mwalimu mmoja tu, wa dini isiyo yake huketi nje chini ya mti, au hubaki ndani akisoma ya wenzake kwa kuwa ndiyo yatakayotahiniwa. Mtaala wa umilisi umekuja na vurugu zake zote, lakini ukuta huu haukuguswa. Hata ile saa ya malezi ya kiroho, PPI, kila kundi huenda na shekhe wake au kasisi wake. Kwa mfumo wa zamani mtoto aliweza kusoma CRE miaka 12, akapata A, asijue jirani wa mlango wa pili anafunga kwa nini. Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema nchi haina dini ya taifa. Sensa ya 2019 ilihesabu Waislamu zaidi ya milioni 5. Hao wote, kwa msichana yule wa dawati la mbele, ni herufi tatu.

Halafu tunashangaa tukikutana mahakamani. Kesi ya hijabu katika shule moja ya Isiolo ilipanda hadi juu: Mahakama ya Rufani iliwaruhusu wasichana mwaka 2016, Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo Januari 2019. Mwezi huohuo, hapo hapo Kibera, msichana wa kidato cha kwanza alirudishwa nyumbani kwa sababu ya rasta zake. Baba yake akaenda kortini. Septemba mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamua kwamba Urastafari ni imani inayolindwa na Katiba, na mtoto asome na nywele zake. Jaji mzima, mawakili, miezi minane hivi, kwa jambo ambalo mwalimu angelimaliza asubuhi moja kwa kumwuliza mtoto: nyumbani mnaamini nini?

Msidhani Leicester ni peponi. Makanisa mengine hapa yamegeuzwa nyumba za kupangisha, na jirani anaweza kufa wiki nzima usijue. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, baraza la mji huu lililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije. Walikuja. Wako wazee madukani Belgrave Road ambao ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakujibu Kiswahili cha Kampala na cha Ngara, na bei wanapunguza kidogo. Leo Diwali ikifika mtaa mzima unawaka. Sensa ya 2021 ilikuta Wakristo mjini ni karibu robo, Waislamu pungufu kidogo tu, Wahindu asilimia 18 hivi. Na tangu 1988 sheria ya elimu inataka mtaala wa dini utambue kwamba mapokeo ya nchi hii ni ya Kikristo hasa, lakini ufundishe na dini nyingine kubwa zilizopo. Darasa moja, watoto wote. Mzazi asiyetaka ana haki ya kumtoa wake.

Ndivyo mwandishi, mtu mzima mwenye ndevu, alivyojua futari ni nini hasa, akimsaidia mtoto kukata mwezi mwandamo wa karatasi.

Aibu hiyo ya kuchelewa kujua ina historia. Pale Makina mama mwenye ploti alikuwa Mnubi, wa kizazi cha askari wa King's African Rifles waliolowea kwenye msitu ule, wakauita Kibra, yaani msitu kwa Kinubi. Kila Ramadhani, jua likizama, alituma bakuli la uji na gurusa, chapati ya Kinubi, kwa wapangaji wote. Watoto walikula, wakashukuru, hawakuuliza. Mwishoni mwa 2001, Rais Moi aliposema kodi za Kibera zishushwe, wapangaji na wenye nyumba wakapigana, watu wakafa, nyumba zikachomwa. Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Jioni ambayo familia ya mwandishi ilifunga virago kwenda Kawangware, bakuli lilikuja kama kawaida. Waliondoka nalo. Mama yule amefariki tangu wakati huo, na mwandishi alipata habari kwa WhatsApp, akiwa zamu, akatuma rambirambi kwa M-Pesa.

Kwa hiyo anaomba kitu kimoja, na atakirudia mpaka mchoke. Saa ile ya PPI, Ijumaa moja tu kwa mwezi, msiwagawe watoto. Waingie wote msikiti wa Makina, wavue viatu, waulize. Ijumaa nyingine waende kanisa Katoliki la Laini Saba. Nyingine waketi na Waakurinu, waambiwe kile kilemba cheupe maana yake nini, na Legio Maria, na wale wa kanisa la Israel wanaopita kila Jumapili na ngoma na bendera huku nyinyi mkifunga madirisha. Mzee wa Kirasta aje shuleni na nywele zake. Hakuna anayebadilishwa dini kwa kuuliza swali. Mnaogopa nini?

Na kabla ya kuwasiliana na Leicester, shule ya Kawangware ifunge urafiki na shule ya Kibera. Ni kushuka hadi Dagoretti Corner, kufuata Ngong Road hadi Adams, kukata Toi Market, mmefika. Mtu wa miguu huenda kwa saa moja na ushee. Pasipoti haihitajiki.

Mwandishi anajua mtakavyosema: aliyekimbia asitufundishe. Semeni. Nauli ya darasa moja, kwenda na kurudi, ameshaitenga. Walimu wamwambie tu ni Ijumaa gani. Na bakuli, la bluu, lenye maua, liko kabatini kwa dada yake karibu na stendi ya Congo. Watoto wapitie walichukue, wampelekee binti wa yule mama, bado anaishi ploti ileile.