Wapiganaji Wageni wa Semboja
Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara, alifariki mwaka 1862. Mrithi wake, mjukuu wake Shekulwavu, alikaa Vugha, mji mkuu uliokuwa milimani. Chini kwenye bonde la Mkomazi, ami yake Semboja alishika Mazinde, palipopita misafara ya Pangani, na huko ndiko bunduki zilikopatikana. Kwa mali ya misafara hiyo Semboja alikusanya wapiganaji kutoka nje, hasa Wataita, akamfukuza Shekulwavu kutoka Vugha. Wageni hao hawakufungwa na heshima ya Wakilindi, ukoo uliotawala Usambara. Kilichowavuta ni ngawira, ng'ombe na mateka wa kuuzwa pwani. Aliyeumia zaidi ni mkulima wa Kisambaa. Semboja alimtawaza mwanawe huko Vugha, naye mwenyewe akabaki Mazinde hadi kufa kwake mwaka 1895.